Nyigu wa Mayai: Msaidizi wa Mkulima Anayeuawa Bila Kujulikana

Mkulima wa mahindi katika Kigera humtambua kiwavijeshi vamizi kwa uharibifu wake. Majani hutoboka, moyo wa mmea huliwa, na kinyesi chenye sura ya vumbi la mbao hujaa katikati ya majani machanga. Wakati dalili hizo zinaonekana wazi, kiwavi amekwisha kukua na kujificha ndani, mahali ambapo dawa humfikia kwa shida. Gharama ya kununua kiuatilifu imekwisha kuingia katika hesabu ya msimu, na mara nyingi mavuno yamekwisha kupungua.

Siku chache kabla ya uharibifu huo, adui alikuwa bado yai lililobandikwa juu ya jani. Katika hatua hiyo yupo mdudu mwingine anayeweza kummaliza kabla hajala hata kipande kimoja cha mhindi. Mdudu huyo ni nyigu mdogo sana anayezaliana ndani ya mayai ya wadudu wenzake. Huuawa kwa wingi na wakulima wasiomjua. Makala hii inaeleza maisha yake, namna ya kutambua kazi yake shambani, na hatua ambazo mkazi anaweza kuchukua ili asimwangamize.

ADUI NA MAYAI YAKE

Kiwavijeshi vamizi asili yake ni maeneo ya joto ya bara la Amerika. Barani Afrika aliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha kuingia Tanzania. Mdudu mzima ni nondo wa rangi ya kijivu na kahawia anayeruka usiku, na anaweza kusafiri umbali mrefu akisaidiwa na upepo. Kwa sababu hiyo hakuna shamba linaloweza kujiona salama kwa kuwa tu halipakani na shamba lililoshambuliwa.

Nondo jike hutaga mayai kwa mafungu. Fungu moja huwa na mayai kati ya 100 na 200, na katika maisha yake jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Mayai hayo hupangwa kwa tabaka, moja juu ya jingine, kisha hufunikwa na magamba laini yanayotoka mwilini mwa nondo mwenyewe. Mkulima anayeyatazama huona kitu kama kipande kidogo cha pamba chafu, au ukungu wa kijivu, kilichonata kwenye jani.

Katika hali ya joto kama ya ukanda wa Ziwa Victoria, mayai hayo huanguliwa baada ya siku mbili hadi nne. Viwavi wachanga hukwangua ngozi ya jani na kuacha vidirisha vyeupe, kisha husambaa kwenda mimea ya jirani kwa kuning'inia kwenye nyuzi nyembamba zinazopeperushwa na upepo. Kiwavi hula kwa wiki mbili hadi tatu, hushuka ardhini kugeuka pupa, kisha hutoka akiwa nondo. Mzunguko mzima huchukua takriban siku 30 katika hali ya joto. Hii ina maana kwamba katika msimu mmoja wa mahindi kizazi kimoja cha nondo kinaweza kuzaa kingine kabla ya mavuno.

Siku hizo mbili hadi nne za yai ndizo fupi kuliko zote katika maisha ya kiwavijeshi vamizi. Ndizo pia pekee ambazo mamia ya adui huwa pamoja mahali pamoja, hawatembei, hawali na hawajadhuru chochote.

NYIGU ASIYEUMA WATU

Neno nyigu huwatia watu hofu, kwa kuwa wengi hulihusisha na wadudu wakali wanaojenga viota chini ya mapaa. Nyigu wa mayai ni wa ukoo huo, lakini hana uwezo wa kumdhuru binadamu. Urefu wa mwili wake ni karibu nusu milimita. Punje moja ya ulezi ni kubwa kuliko yeye mara mbili au zaidi. Hajengi kiota, haishi kwa kundi, na sindano iliyo nyuma ya mwili wa jike ni chombo cha kutagia mayai tu.

Wapo nyigu wa mayai wa aina nyingi duniani. Aina mbili zinatajwa zaidi pale kiwavijeshi vamizi anapozungumziwa. Ya kwanza ni Telenomus remus, nyigu mweusi anayeng'aa, ambaye asili yake ni Kusini Mashariki mwa Asia. Ametumika kwa miaka mingi katika nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati dhidi ya viwavi wa jamii hii. Wataalamu walipoanza kuchunguza mashamba ya Afrika baada ya kuingia kwa kiwavijeshi vamizi, walimkuta nyigu huyu tayari yuko barani, ikiwa ni pamoja na nchi jirani ya Kenya.

Aina ya pili ni kundi la Trichogramma, lenye spishi nyingi zinazoshambulia mayai ya nondo na vipepeo wa aina mbalimbali. Huko California, Marekani, tangu miaka ya 1920 mtaalamu Stanley Flanders alionyesha kwamba nyigu hao wanaweza kuzalishwa kwa wingi ndani ya mayai ya nondo wa nafaka, kisha wakaachiwa mashambani. Tangu hapo wametumika katika nchi nyingi kwenye mahindi, miwa, pamba na mboga.

Kati ya aina hizo mbili, Telenomus ana faida moja kubwa dhidi ya kiwavijeshi vamizi. Trichogramma hupata shida kupenya magamba yanayofunika mayai, na mara nyingi huishia tabaka la juu. Telenomus hupita kati ya magamba na kuyafikia hata mayai ya tabaka la chini.

YANAYOTOKEA NDANI YA YAI

Kazi ya nyigu huanza kwa harufu. Jike huvutwa na harufu ya nondo na ya magamba aliyoyaacha juu ya mayai. Harufu ambayo nondo jike huitoa usiku kumwita dume humsaliti pia, kwa kuwa nyigu huitumia kama dalili kwamba mayai yapo karibu.

Akilifikia fungu la mayai, nyigu hutembea juu yake huku akiyagonga kwa vipapasio vyake. Kwa njia hiyo hutambua kama yai ni la aina anayoitaka na kama bado ni bichi. Yai ambalo kiwavi amekwisha kuumbika ndani yake halimfai, ndiyo maana hupendelea mayai ambayo hayajamaliza siku mbili tangu kutagwa. Akiridhika, hugeuka, huchoma ganda kwa sindano yake, na kuweka yai lake moja ndani.

Baada ya kutaga, jike hukokota ncha ya sindano juu ya ganda na kuacha alama ya harufu. Alama hiyo humwambia nyigu mwingine, na hata yeye mwenyewe akirudi, kwamba yai hilo limekwisha kuchukuliwa. Chakula kilichomo ndani ya yai moja la nondo kinatosha mtoto mmoja tu wa Telenomus. Wawili wakiwekwa pamoja, mmoja hufa.

Tangu hapo yai la nondo haliendelei tena kuwa kiwavi. Yai la nyigu huanguliwa ndani yake, na lava mdogo mwenye taya zilizopinda kama ndoana huanza kula ute uliokusudiwa kumlea kiwavi. Hukua hadi kulijaza ganda lote, hugeuka pupa humo humo, na mwili wake unapokomaa ganda huonekana jeusi kutoka nje. Katika joto la nyuzi 28 hivi, baada ya siku 10 nyigu kamili hutafuna tundu la mviringo na kutoka. Mahali penye ubaridi, muda huo huongezeka kwa siku kadhaa.

Kwa hesabu hiyo, wakati nondo anamaliza kizazi kimoja, nyigu anaweza kumaliza vizazi vitatu. Jike mmoja wa Telenomus anaweza kutaga katika mayai zaidi ya 200 katika maisha yake. Kila yai alilotaga ni kiwavi mmoja ambaye hatazaliwa, na ni nyigu mmoja zaidi atakayelinda mahindi ya jirani.

DUME NA JIKE HUPATIKANAJE?

Uzazi wa nyigu hawa una jambo la kustaajabisha. Yai lililorutubishwa kwa mbegu ya dume huwa jike, na yai lisilorutubishwa huwa dume. Jike hutunza mbegu za dume ndani ya mwili wake, na wakati wa kutaga anaweza kuzitumia au kuzizuia. Kwa namna hiyo, mama ndiye anayeamua jinsia ya mtoto kwa kila yai.

Kwa kawaida jike hutaga majike wengi na madume wachache katika fungu moja. Madume hukomaa mapema kidogo, hutoka kwanza, na husubiri juu ya mayai hadi majike watoke. Kujamiiana hufanyika hapo hapo, kisha majike huondoka kutafuta mafungu mapya. Madume wachache wanatosha majike wengi, kwa hiyo sehemu kubwa ya chakula cha mayai hutumika kuzalisha wale wanaotaga.

Katika baadhi ya nyigu wa Trichogramma hata dume hahitajiki. Bakteria aitwaye Wolbachia, anayeishi ndani ya miili yao na kurithishwa kutoka kwa mama, huyafanya mayai yasiyorutubishwa yawe majike. Majike hao huzaa majike wenzao kizazi baada ya kizazi.

Yupo pia nyigu mwingine wa jamii tofauti, Chelonus, ambaye amepatikana kwenye kiwavijeshi vamizi katika mashamba ya Tanzania. Huyu hutaga ndani ya yai la nondo, lakini hulizuilia kifo. Yai huanguliwa, kiwavi huanza kula, na mtoto wa nyigu huendelea kukua ndani ya mwili wake hadi anapomuua kabla hajakomaa. Mkulima anayekuta kiwavi mdogo, dhaifu, asiyekua kama wenzake, huenda anatazama kazi ya nyigu wa aina hii.

MAYAI MEUSI SI LAZIMA YAPONDWE

Ushauri wa kupita shambani mara mbili kwa wiki na kuponda mayai kwa vidole ni mzuri, na kwa shamba dogo ni njia ya bei nafuu kuliko zote. Hata hivyo, mkulima anayeponda kila fungu analoliona huwaponda nyigu pia. Ndiyo maana ni muhimu kutofautisha.

Mayai mapya ya nondo huwa na rangi nyeupe ya maziwa au ya kijani hafifu. Yakikaribia kuanguliwa hubadilika kuwa ya kahawia na kuonyesha vidoa vyeusi, ambavyo ni vichwa vya viwavi vinavyoonekana kupitia ganda. Hali hii hudumu kwa muda mfupi tu, kisha viwavi hutoka. Mayai yenye nyigu huwa meusi kote, meusi yanayong'aa, na hubaki hivyo kwa siku nyingi bila kuanguliwa. Ganda jeupe, jembamba na lililochanika ni la kiwavi aliyekwisha kutoka. Ganda jeusi lenye tundu la mviringo ni la nyigu aliyekwisha kuondoka.

Kwa macho ya kawaida tofauti hizo zinaweza kuchanganya. Kipimo cha uhakika zaidi kinaweza kufanywa nyumbani kwa chupa ya kioo yenye mdomo mpana au kopo la plastiki linaloona, kwa hatua zifuatazo:

1. Kata kipande cha jani chenye fungu la mayai bila kuyagusa mayai yenyewe. Kiweke ndani ya chupa iliyo kavu.

2. Funika mdomo wa chupa kwa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kisha kaza kwa mpira au kamba. Nyigu na viwavi wachanga ni wadogo, hivyo chandarua hakifai.

3. Andika tarehe kwenye karatasi na uibandike. Weka chupa kivulini, mbali na jua, moshi wa jiko na dawa ya mbu.

4. Tazama kila siku. Viwavi wakitoka katika siku nne za mwanzo, waondoe na kuwatumbukiza kwenye maji ya sabuni. Wakiachwa watakula mayai yaliyobaki.

5. Mayai yatakayobaki meusi baada ya siku ya tano yahifadhiwe. Kati ya siku ya 10 na ya 14, vijidudu vyeusi vidogo kama vumbi vikionekana vinatembea kwenye kioo, hao ni nyigu. Peleka chupa shambani asubuhi au jioni, uifungue katikati ya mahindi.

Mkulima atakayefanya kipimo hiki kwa mafungu kadhaa kutoka sehemu mbalimbali za shamba atajua jambo ambalo hawezi kulijua kwa kutazama viwavi peke yake, yaani kama shamba lake tayari lina walinzi au la.

UTAFITI KANDO YA ZIWA

Sehemu ya maarifa haya imepatikana kwenye ukingo wa Ziwa hili hili. Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, kinachojulikana kwa kifupi kama icipe, kilianzishwa Nairobi mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo. Kituo hicho kina kambi ya utafiti Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, yenye jina lake.

Mwaka 2011 watafiti wa kituo hicho na wenzao walichapisha matokeo kuhusu mahindi na bungua wa mabua, ambaye naye ni adui wa zamani wa wakulima wa ukanda huu. Waligundua kwamba baadhi ya mbegu za asili za mahindi, mara nondo wa bungua anapotaga juu ya jani, hutoa harufu inayowaita nyigu. Wanaoitwa ni nyigu wa mayai pamoja na nyigu wanaoshambulia viwavi, kabla kiwavi yeyote hajaanguliwa. Mbegu chotara za kibiashara zilizopimwa katika utafiti huo hazikufanya hivyo. Baadaye tabia hiyo ilionekana pia katika mbegu za wakulima wa magharibi mwa Kenya, kama ile inayoitwa Nyamula.

Matokeo hayo hayamaanishi kwamba mkulima aache mbegu bora. Mbegu chotara zina mavuno na sifa zake. Yanachoonyesha ni kwamba mbegu ya kienyeji inayotunzwa darini na bibi inaweza kuwa na uwezo ambao haupimwi kwa ukubwa wa gunzi peke yake, na kwamba kuitupa kabisa ni hasara.

Mbita pia ndiko kulikoendelezwa kilimo cha sukuma-vuta. Katika kilimo hicho desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi ili kuwafukuza nondo, na majani ya malisho hupandwa pembezoni ili kuwavuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwenye mashamba ya wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kwamba idadi ya viwavijeshi vamizi kwa kila mmea ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 ikilinganishwa na mashamba ya mahindi peke yake. Majani hayo hulisha mifugo, na desmodiamu huzuia kiduha.

MFANO WA MUHOGO

Wapo watakaouliza kama mdudu mdogo kiasi hicho anaweza kweli kubadili hali ya chakula. Jibu limo katika muhogo, zao ambalo kaya nyingi za Mara hulitegemea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo, mdudu mwenye unga mweupe kutoka Amerika ya Kusini, aliingia Afrika ya Kati na kuanza kuenea. Alikausha ncha za mihogo nchi baada ya nchi, na katika miaka ya 1980 akafika Tanzania. Kumpulizia dawa mdudu huyo katika kila shamba la Afrika lilikuwa jambo lisilowezekana. Watafiti walirudi alikotoka, na mwaka 1981 wakampata nchini Paraguay nyigu anayemshambulia. Nyigu huyo, Anagyrus lopezi, aliachiwa kwanza Nigeria mwaka huo huo, kisha akapelekwa katika nchi nyingi za ukanda wa muhogo. Hans Rudolf Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Nyigu wa muhogo hatagi katika mayai bali ndani ya mwili wa kidung'ata, lakini somo ni lile lile. Nyigu yule alienea na kuendelea kuzaana mwenyewe, na wakulima hawakulipa chochote. Wengi wanaokula ugali wa muhogo leo hawajui kwamba zao hilo liliwahi kuokolewa na nyigu.

KIUATILIFU KITUMIKE LINI?

Nyigu wa mayai hawezi kufanya kazi yote peke yake. Yapo mashamba na misimu ambayo viwavi huzidi, na mkulima hulazimika kupulizia. Swali la msingi ni lini.

Viuatilifu vingi vinavyoua viwavi huua nyigu pia, na nyigu mzima huathirika kwa kiasi kidogo sana cha dawa. Mkulima anayepulizia kwa tarehe, kila baada ya wiki moja, bila kukagua, huondoa walinzi na kuacha njia wazi kwa nondo watakaoruka kutoka mashamba mengine. Kisha hulazimika kupulizia tena, na fedha ya mbolea au ya ada ya shule huishia dukani kwa muuza dawa.

Mwongozo wa udhibiti wa kiwavijeshi vamizi barani Afrika, uliotolewa na CIMMYT na USAID mwaka 2018, unapendekeza ukaguzi kwanza. Mkulima aingie shambani kwa mwendo wa kukata kona, asimame mahali patano, na kila mahali akague mimea 10. Kwa mimea 50 iliyokaguliwa, mahindi yakiwa bado machanga, dawa ifikiriwe iwapo mimea 10 au zaidi ina dalili mpya za kushambuliwa. Mahindi yakiwa yamekua lakini hayajatoa mbelewele, kiwango kinachopendekezwa ni mimea 20. Chini ya hapo, kuponda viwavi kwa mkono na kuwaacha nyigu wafanye kazi yao kunatosha.

Pale kupulizia kunapohitajika, mambo manne yazingatiwe. Kwanza, kitumike kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Pili, dawa ielekezwe kwenye moyo wa mmea alipo kiwavi, jioni anapotoka kula, badala ya kumwagwa shamba zima. Tatu, mpuliziaji avae mavazi ya kujikinga, na watoto wasiwe karibu. Nne, bomba lisioshwe ziwani, mtoni wala kwenye kisima, na makopo matupu yasitumike kuchotea maji. Kigera ni jirani wa Ziwa, na maji yanayotiririka kutoka shambani huishia mahali ambapo samaki huvuliwa na ndoo hujazwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Njia nyingine ya kuwasaidia nyigu haina gharama. Nyigu mzima hali majani wala mayai. Huishi kwa utomvu mtamu wa maua, na akikosa chakula hicho hufa mapema bila kutaga mayai yake yote. Maharage, kunde, maboga na alizeti vilivyopandwa pamoja na mahindi au pembezoni, pamoja na maua ya porini yaliyoachwa kwenye mipaka ya shamba, humpa nyigu nguvu ya kuendelea kutafuta mayai.

HUDUMA YA UGANI

Afisa Ugani wa kata ana wajibu wa kuwasaidia wakulima kutambua wadudu, kukagua mashamba na kuchagua njia ya kudhibiti. Mkulima ambaye hana hakika kama mayai aliyoyaona ni ya kiwavijeshi vamizi, au kama weusi wake ni wa nyigu, anaweza kuyapeleka kwake yakiwa ndani ya chupa iliyofunikwa. Asiyejua mahali anapopatikana aulize katika ofisi ya mtendaji wa kata au wa mtaa. Taarifa za mashambulizi makubwa zitolewe mapema, kwa kuwa nondo hawajui mipaka ya mashamba, na shamba moja likichelewa kukaguliwa huyagharimu mengine yote.

Kwa ufupi, mkazi akumbuke mambo haya:

• Kagua mahindi mara mbili kwa wiki tangu yanapoota, ukitazama juu na chini ya majani.

• Ponda mayai meupe, ya kijani hafifu au ya kahawia. Mayai meusi yanayong'aa yaache au yaweke kwenye chupa.

• Usipulizie kwa sababu jirani amepulizia. Hesabu mimea 50 kwanza.

• Acha maua yaote pembezoni mwa shamba.

• Ukiwa na mashaka, mwone Afisa Ugani kabla ya kwenda dukani.

Fungu moja la mayai meusi ambalo mkulima ameliacha salama linaweza kutoa zaidi ya nyigu 100, wengi wao majike, katika muda wa wiki mbili. Hao watayatafuta mayai ambayo jicho la mkulima haliyaoni, katika shamba lake na katika la jirani yake.